Fort Ward: ngome mnaifufua, makaburi ya watu mnayakanyaga

Wakuu salaam. Uzi huu ni wenu hasa mlioko Virginia, Maryland na DC, mnaopanga nyama choma pale Fort Ward, Alexandria. Nimesoma matangazo yenu: "bustani ya kihistoria, watoto watapiga picha na mizinga". Nimeshindwa kunyamaza.

Historia ya nani? Ngome ile jeshi la Kaskazini lilianza kuijenga 1861, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, baada ya kupigwa na Kusini kwenye mapigano ya Bull Run, ili kuilinda Washington. Ikapanuliwa mpaka nafasi za mizinga 36. Haikushambuliwa hata siku moja. 1865 vita vikaisha, wanajeshi wakaondoka. Miaka minne tu!

Waliokaa ni waliokuja baadaye. Familia za Weusi, baadhi wametoka utumwani juzi juzi, walinunua viwanja palepale ngomeni na kandokando yake. Wakajenga, wakalima, wakasomesha watoto, wakasali, wakazika wazee wao. Mtaa wao ukaitwa The Fort. Waliishi hapo karibu miaka mia.

Kisha jiji likataka bustani, maadhimisho ya miaka 100 ya vita yakikaribia. Wapo waliouza, wapo walionyang'anywa kwa nguvu ya sheria. Nyumba zikabomolewa. 1964 bustani ikafunguliwa, na pembe ya kaskazini magharibi ya ngome ikarudishwa ilivyokuwa wakati wa vita. Yaani vita vilivyovunja utumwa vinaenziwa kwa kuwang'oa wajukuu wa watumwa! Hilo mnaliona dogo?

Kinachonichoma zaidi ni makaburi. Yale ya kanisa la Oakland Baptist bado yapo ndani ya bustani. Mengine yalipoteza alama kabisa, na yadi ya vifaa vya bustani ikawekwa mahali watu walipolala. Wazao wao walipiga kelele mpaka wanaakiolojia wakaingia kazini, na makaburi yasiyo na alama yakapatikana kweli.

Nani kati yenu angekubali mbwa wa watu wakimbizane juu ya kaburi la bibi yake? Na msiniambie ni mambo ya Wamarekani wenyewe. Ardhi kutwaliwa "kwa manufaa ya umma" tunaijua vizuri mno.

Waandaaji, rekebisheni lile tangazo. Andikeni The Fort, andikeni kuna makaburi, waambieni wazazi washike watoto wao upande ule. Na mkifika, acheni mizinga kwanza, waonyesheni watoto makaburi ya Oakland.