Nimechaguliwa kuongoza kutengeneza Pokémon wa grupu letu, nianzie wapi kabla watu hawajagombana?

tanga_raha

Wakuu habari zenu. Tuna kagrupu ketu ka Telegram ka watu tunaocheza Pokémon Showdown (ile tovuti ya kupambanisha Pokémon), wengi wako Tanzania, kuna Wakenya kadhaa na jamaa wawili wako Muscat, sasa juzi likaibuka wazo kwamba na sisi tutengeneze kiumbe chetu wenyewe kama wanavyofanya Smogon (jumuiya ya mashabiki wa mapambano ya Pokémon) na ule mradi wao wa CAP (Create-A-Pokémon, mashabiki wanabuni Pokémon wao kwa pamoja). Watu wakapiga kura nani aongoze, jina langu likapita, sijui walinipenda au walinionea tu 😅

Ishu ni kwamba hata mjadala rasmi sijaufungua tayari kuna mmoja kaleta mchoro wa joka la chuma na jina kabisa, mwingine anasema shambulizi (namba ya nguvu ya kupiga) lisipungue 150 la sivyo yeye hayumo, mwingine anataka awe samaki silakanti (yule wa kale anayepatikana kwetu) kwa sababu mimi mtu wa Tanga (hilo limenigusa siwadanganyi). Wote wanapost kwa mpigo na kila mtu anaongelea mnyama wake.

Naomba wazoefu mnisaidie, kiongozi anafanya nini hasa? Mi ndo naamua au nahesabu kura tu? Na mimi naruhusiwa kuleta wazo langu? Nimejaribu kusoma mijadala ya Smogon ila ile ni bahari, unasoma saa nzima hujatoka ukurasa wa pili.

Nawasilisha.

bwana_mollux

Hongera mkuu, na pole pia.

Mi nawafuatilia wale CAP muda mrefu. Wameanza 2007 na mpaka leo wapo, na kinachowaweka hai sio kwamba wana watu wenye akili sana, ni kwamba wana utaratibu wa nini kinaamuliwa kwanza na nini kinafuata. Wazo, kisha taipu (aina yake, kama Moto au Maji), kisha abiliti (uwezo maalumu unaofanya kazi wenyewe), kisha stati (namba za nguvu, uvumilivu na kasi), kisha muvu (mapigo yake). Hatua ikishafungwa imefungwa, haifunguliwi tena eti kwa sababu fulani alikuwa amesafiri.

Na wazo hapo sio "joka la chuma", elewa vizuri hapo maana ndo watu wengi wanapopotea. Wazo ni swali kuhusu mchezo wenyewe. Mfano Mollux, Pokémon wa CAP ambaye ndo nimechukua jina lake, yule alianza na swali la kwamba je tunaweza kuchukua taipu ambayo kila mtu anaiona mbovu tukaifanya iwe na faida? Wakabishana weee wakaangukia Moto na Sumu, na kipindi hicho hakukuwa na Pokémon rasmi hata mmoja mwenye mchanganyiko huo (Salazzle kaja 2016 kwenye Sun na Moon, yaani mashabiki waliwatangulia wenye gemu). Ilipofika zamu ya abiliti wakampa Dry Skin, kwa hiyo maji ambayo yangetakiwa yamuue sasa yanamponya. Ardhi bado inampiga kwa nguvu mara 4 lakini ndo sehemu ya utamu, ana kaburi lake na kila mtu anajua liko wapi. Sasa angalia, hiyo Dry Skin ina maana kwa sababu taipu ilishafungwa. Wangeanza na abiliti nani angeifikiria?

Hata yule wa kwanza kabisa, Syclant, ni hivohivo. Taipu yake Mdudu na Barafu, maana yake mawe ya Stealth Rock (mtego anaoutega mpinzani) yanamkata nusu ya damu kila akiingia uwanjani. Kiumbe wa hivyo huwezi kumtumia. Ndo wakamtungia abiliti mpya kabisa inaitwa Mountaineer ili mawe yasimguse. Tatizo limekuja kwanza, dawa ikafuata.

Kwa hiyo kazi yako namba moja ni kumzuia mtu anayerukia mbele. Mtu akisema "tumpe Sumu kwa sababu baadaye tutampa Levitate" (abiliti ya kuelea, Ardhi haimgusi) huyo ameshaanza kuamua abiliti wakati tuko kwenye taipu, na CAP hilo ni kosa kabisa, wasimamizi wanafuta posti. Inaonekana ukali lakini bila hivyo kila hatua inakuwa ni vita ya hatua tatu za mbele.

Kuhusu kuamua au kuhesabu kura, jibu ni katikati. Watu wanapendekeza, wewe unasoma yote, unachagua machache yanayofaa kwenda kwenye kura, halafu watu ndo wanachagua mshindi. Nguvu yako iko kwenye ile orodha. Ni nguvu kubwa kuliko unavyodhani.

kisauni_gamer

Mi hapo pa kufuta posti siko kabisa. Smogon wana watu wengi wakifukuza kumi hawaoni, nyinyi ni grupu ndogo, ukimwambia yule wa joka akae na mchoro wake mpaka taipu ipite utamwona tena? Wachoraji ndo wanaoleta watu jamani. Hakuna mtu ameingia hii kitu kwa sababu ya hesabu za stati, watu wanaingia kwa sababu wameona picha kali.

bwana_mollux

@kisauni_gamer hujakosea bro, lakini hata CAP hawawanyimi wachoraji, mashindano ya michoro yanaanza taipu ikishapita na yanaendelea kivyake huku wengine wanabishana abiliti. Mchoro hauamui stati na stati haziamui mchoro. Shida ni mchoro kuja KABLA ya taipu, sababu picha nzuri inakula akili, watu wanaanza kupigia kura Chuma sio kwa sababu inajibu swali ila kwa sababu wameshalipenda lile joka. Mwambie tu jamaa atunze faili lake, kama Chuma ikipita atakuwa mbele ya wenzake.

kisauni_gamer

Sawa hapo angalau. Ila usimfutie, msogezee tu kwenye channel ya pembeni ya michoro. Kufutiwa kunauma.

hesabu_za_mtaa

Naongeza kuhusu kura maana naona hakuna aliyegusa na hapa ndo grupu zinavunjika.

Usitumie kura ya kawaida ya kila mtu chaguo moja kama kuna machaguo mengi. Chukua watu 20. Kuna machaguo manne ya taipu, matatu ni ya joka (joka na chuma, joka na moto, joka na maji) kila moja linapata kura 4, la nne ni Fairy na Mmea linapata 8. Fairy kashinda, wakati watu 12 kati ya 20 walitaka joka. Kesho yake hao 12 wanakuambia umeiba uchaguzi na wewe hujaiba chochote, mfumo ndo umewasaliti.

CAP hili wamelifanyia kazi, kuna hatua wanapiga kura ya kukubali, yaani unatia tiki kila unachoweza kuishi nacho, na kuna hatua unapanga kwa mapendeleo, 1, 2, 3, chaguo lako la kwanza likitolewa kura yako inahamia la pili. Telegram hiyo ya kutia tiki nyingi ipo tayari kwenye poli, washa majibu mengi. Washa na majina yaonekane. Mkibaki na matatu ya mwisho watu waandike mpangilio wao kwenye meseji, unahesabu kwa mkono, kwa grupu la saizi yenu ni kazi ya dakika kumi.

tanga_raha

Aisee asanteni, hii ya kura sikuwa nimeiwaza kabisa.

Maswali mawili. La kwanza, kuna mdau mmoja grupu zima linamsikiliza, anacheza vizuri kweli sio utani, akisema kitu watu kumi wanafuata bila hata kusoma. Huyo nafanyaje? La pili, na mimi nina ninachokipenda, nimeshasema, silakanti. Nikiongoza huku natamani silakanti ipite si nitakuwa napendelea?

bwana_mollux

Nianze na silakanti nikuokoe machungu, kuna Pokémon anaitwa Relicanth, yupo tangu gemu za Ruby na Sapphire 2002, Maji na Mwamba, na ni silakanti mtupu. Wenye gemu wameshakula hiyo. Samaki wenu wa Kigombe huko Tanga kashawakilishwa, pole sana kaka 😂

Ila swali lenyewe la msingi. Kiongozi kuwa na anachokipenda sio dhambi, asiye na mapenzi na kitu ataongozaje. Mi ninavyoona ni kwamba usilete pendekezo lako kwenye hatua unayoisimamia, basi. Ukitaka kuchora chora, hiyo orodha huitengenezi wewe. Kama una hamu na stati mwachie mtu mwingine asimamie stati. CAP wenyewe zamani kiongozi alikuwa mmoja anabeba kila kitu, baadaye wakagawana, kiongozi mkuu anabaki na wazo, kuna wa taipu, wa abiliti, wa stati, wa muvu. Imewasaidia kwa mambo mawili, mtu hachoki njiani, na hakuna mtu mmoja anayeweza kumpeleka kiumbe anakotaka yeye tangu mwanzo hadi mwisho.

Na ukitoa orodha ANDIKA SABABU. Hili nalisema kwa herufi kubwa makusudi. Sio "haya ndo matano yanayoenda kwenye kura", hapana. Andika hili limeingia kwa sababu hii, lile limetoka kwa sababu halijibu wazo letu, hata kama lilipata laiki nyingi. Mtu aliyekatwa akisoma sababu anaweza kukasirika lakini atabaki. Aliyekatwa kimyakimya anaanza kuhesabu nani rafiki yako.

Mdau maarufu huyo dawa yake ni hiyohiyo, mlazimishe aandike sababu kama wengine. Mpe usimamizi wa stati kama anajua kweli, maana akisimamia hawezi tena kupendekeza.

hesabu_za_mtaa

Hiyo ya mwisho ni ujanja wa kisiasa nimeipenda.

msee_wa_showdown

Mimi niongelee yule wa shambulizi 150 juu nimecheka. Buda kama stati zinapangwa kwa mtu kutaja namba inayomfurahisha mtatengeneza mnyama wa kufungia watu ndani ya nyumba. Kabla watu hawajaleta namba, msimamizi wa stati awape mipaka: upande wa kushambulia usizidi hapa, wa kuvumilia usizidi hapa. CAP wanafanya hivo na ndani ya mipaka kila mtu analeta mpangilio wake na maelezo anampiga nani, nani anamkimbilia, nani anamuua kwa pigo moja.

Kasi ndo iko na utamu sana. Pokémon mmoja anaitwa Garchomp ana kasi 102. Kwa nini 102? Kwa sababu kuna umati mzima umekaa 100, Salamence, Charizard, Mew, Celebi, Jirachi, na yeye kwa pointi mbili tu anawatangulia wote. Kwa hiyo ukiona mtu analeta kasi 101 sio bahati, anajua anachofanya, na aliyeleta 99 pia anajua, ameamua kiumbe wenu awe nyuma ya hao. Hii ndio mjadala unataka kuona kwa grupu. Ukiona watu wanabishana 99 ama 101 na kila mtu ameleta mahesabu jua mradi umeiva. Ukiona wanabishana 150 ama 160 kwa sababu ni kubwa, rudi uwakumbushe swali mlianza nalo.

Na usiogope kumpa udhaifu. Kiumbe bila udhaifu watu watacheza naye mara mbili wachoke.

tanga_raha

Nimewaelewa wakuu. Nimefanya hivi: michoro yote nimeihamishia channel ya pembeni (sijafuta, @kisauni_gamer nimekusikia), nimeandika tangazo kwamba kwa sasa tunapokea mawazo tu na kila wazo liwe swali, na mtu akitaja taipu au namba tunamkumbusha kistaarabu. Mdau maarufu kakubali stati, tena kafurahi. Wa muvu na abiliti bado natafuta.

Mawazo yaliyoingia mpaka sasa mengine mazuri kweli. Kuna dada mmoja kauliza, je tunaweza kutengeneza Pokémon ambaye ana thamani zaidi akiwa amebaki na damu kidogo lakini bila kumfanya awe bahati nasibu? Nimeliweka pembeni hilo limenikaa. Mwingine kaandika "awe mkali", huyo nimemrudishia.

Swali la mwisho, tukimaliza tunamchezaje? Showdown si hawatamweka?

msee_wa_showdown

Hapana, kwa sava kuu hawezi wekwa, wale wa CAP wako pale kwa sababu wana fomati yao. Lakini kodi ya Showdown iko wazi kabisa, unaweza endesha sava yako mwenyewe, inataka Node.js na mtu mmoja anayejua kuhariri faili. Taipu, stati, abiliti na muvu ni mistari michache tu kwa faili la data. Shida inakuja mkitunga abiliti mpya kabisa, hiyo lazima mtu aiandikie kodi, kwa hivyo kwa mara ya kwanza tumieni zile ziko. Kabla ya kufika huko, kikokotoo cha mapigo (kinachopima pigo linakata damu kiasi gani) kinakubali ubadilishe stati za Pokémon yeyote, chukua mmoja anayekaribiana na wenu mbadilishe namba, mtaona mapema kama mmetengeneza jinamizi.

Alafu kitu ingine, fanyeni kwa raha tu, mtu asianze kuuza tisheti zenye neno Pokémon, hiyo ni mali ya watu na wanasheria wao hawalali.

tanga_raha

Tisheti ilishatajwa kwenye grupu 😅 naenda kuizima sasa hivi. Kodi sijui mimi, kuna anayeweza kutuwekea sava?

msee_wa_showdown

Stati na muvu zikishapita nitumie DM kwa mpangilio, nitawawekea kwa mashine yangu, wikendi tunajaribu mechi kadhaa. Lakini usinitumie kitu kabla kura haijafungwa, nisije nikafanya kazi mara mbili.