Neva ya siatiki (neva kuu ya mguu) imeumia kwa sindano ya takoni: mashine ya umeme au upasuaji wa tundu dogo?

fizio_pwani: Wakuu, mgonjwa ni mtu mzima, wiki ya 10 tangu achomwe sindano takoni. Unyayo unaning'inia, goti linakunjika vizuri. Ndugu wamenunua TENS (mashine ndogo ya umeme ya kutuliza maumivu kwa pedi za ngozi), wanaipandisha mpaka mwisho lakini msuli wa mbele ya muundi haushtuki. Mashine mbovu? Upasuaji wa kamera utasaidia?

muundi77: Mashine haina kosa. Mpigo wa TENS ni mfupi mno, sehemu ndogo ya milisekunde. Unaamsha neva, si msuli. Msuli uliokosa neva unataka mpigo wa milisekunde 100 na zaidi, na hiyo ni mashine nyingine. Wakizidi kupandisha wataunguza ngozi isiyo na hisia. Fanya hivi: bandika pedi chini ya kile kichwa cha mfupa upande wa nje wa goti. Anza na mguu mzima (usioumia), unyayo uruke juu. Kisha hamia ulioumia. Ukishtuka, nyuzi za neva za chini zipo hai, njia imeziba juu tu. Ukinyamaza, nyuzi zimekufa.

mkasi_na_uzi: Naongezea. Tundu dogo linafaa pale neva ikiwa nzima ila imebanwa na kovu: kamera inaingia, kovu linaachanishwa, basi. Uvimbe wa kovu ndani ya neva yenyewe unahitaji kufunguliwa wazi. Hapo neva inasisimuliwa juu ya uvimbe na kupimwa chini yake. Umeme ukipita, ifunguliwe tu. Usipopita, kata na kupachika kipande cha neva ya sural, neva ndogo ya hisia, kutoka nyuma ya mguu. Mtu wa usingizi asitoe dawa ya kulegeza misuli ya muda mrefu: mtatazama misuli, mtaona kimya, na mtakata neva iliyo hai bure!

Ule umeme wa Hz 20 (mipigo 20 kwa sekunde) kwa saa 1 baada ya kushona unaharakisha nyuzi kuanza kuota, ila kwa binadamu umejaribiwa zaidi mkononi.

fizio_pwani: Nimebandika. Mguu mzima unaruka, ulioumia kimya.

mkasi_na_uzi: Basi EMG (kipimo cha umeme wa misuli) wiki hii, na daktari wa neva amwone kabla miezi 6 haijaisha. Neva huota kama milimita 1 kwa siku. Kutoka takoni hadi msuli ule ni takriban sentimita 50, na msuli haungoji zaidi ya mwaka na nusu. Usiku splinti (kishikizo cha mguu) ya kushika kifundo kwa pembe ya digrii 90, la sivyo kano ya kisigino itakaza. Kila asubuhi kagueni ngozi chini ya mikanda.