Sonona ya majira ya baridi na "Furahini siku zote": ibada ipangweje?

Mwanafunzi wa Neno

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Kuna sonona inayofuata majira. Mchana ukianza kufupika mtu anazama, majira yakigeuka anaibuka, na mwaka unaofuata ni vilevile. Analala kwa muda wa saa kumi na bado anaamka mzito, hamu yake ni wanga na sukari tu, watu anawakwepa. Tuseme daktari ameshathibitisha, hapo tusibishane.

Maswali yangu: ibada ya asubuhi inafanywaje na mtu ambaye kushusha miguu kitandani tu ni kazi? Filipi 4:4 inasema tufurahi katika Bwana siku zote. Asiyehisi kitu anaitii vipi bila kuigiza? Zile taa za matibabu, za mwanga mkali wa kukaa mbele yake, zina nafasi gani kwa mwamini? Na kufunga na mikesha, vinamsaidia au vinammaliza?

Naomba majibu yenye vipimo: dakika ngapi, mistari mingapi, watu wanakosea wapi. "Omba tu mpendwa" tumeshaisikia.

Muuguzi

Amina. Nianze na taa, maana ndiyo inayokosewa zaidi.

Nguvu ya mwanga unaokufikia inapimwa kwa lux. Chumba chenye balbu za kawaida kina lux mia chache tu, ingawa macho yanaona panang'aa. Nje, hata kukiwa na mawingu, mara nyingi ni elfu kadhaa. Taa ya matibabu inatakiwa ikupe lux 10,000 kwa dakika 30, ndani ya saa moja tangu uamke. Sasa soma maelezo ya taa yenyewe: hizo 10,000 ni kwa umbali gani? Kuna vitaa vidogo vinavyozifikia ukiwa sentimita 15 tu kutoka kwenye kioo cha taa. Ukiegemea kiti unabaki na mwanga wa kusomea gazeti, halafu baada ya wiki tatu unasema taa hazifanyi kazi. Inayofaa inafikisha kipimo hicho kwenye umbali ambao mtu anaweza kukaa kweli, sentimita 30 hadi 60, na ina kichujio cha mionzi ya urujuanimno (UV). Iweke juu ya usawa wa macho kidogo na pembeni kidogo. Macho yawe wazi, lakini usiikodolee.

Dakika hizo 30 umekaa tu, huendi popote. Ndiyo nafasi ya ibada. Biblia iwe mezani tangu usiku, imefunguliwa kwenye ukurasa wa kesho, na taa imeshachomekwa. Mgonjwa wa sonona hashindwi kusoma tu, anashindwa hata kuamua asome nini. Akianza kutafuta mahali pa kusoma amekwisha. Kwa hiyo uamuzi wote ufanywe jioni, nguvu ikiwa afadhali kidogo.

Nafuu huanza baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili. Kosa kubwa ni kuacha pale mtu anapojisikia vizuri katikati ya majira: dalili hurudi upesi, naye anadhani amepoteza uponyaji wake. Endelea mpaka mchana urefuke. Kosa la pili ni kuiwasha jioni kwa sababu asubuhi imepita. Usingizi unachelewa kuja na kesho kuamka kunakuwa kugumu zaidi.

Kichwa kikiuma au macho yakichoka, sogea nyuma au punguza dakika kisha upande polepole. Mwenye ugonjwa wa retina, anayetumia dawa zinazoongeza wepesi wa kudhurika na mwanga, au aliyewahi kuwa na ugonjwa wa hisia mbili (bipolar: mtu huzama, na wakati mwingine hupanda kupita kiasi) asianze bila daktari. Nitarudi kwenye huo wa mwisho.

Mikesha: kwa mgonjwa huyu, hapana. Saa ya mwili wake imeshachelewa kuliko jua. Kukesha chini ya taa za ukumbi mpaka saa kumi alfajiri kisha kulala mpaka saa sita mchana ni kuichelewesha zaidi, na kumnyima ule mwanga mchache uliopo nje. Akitaka kutoa muda kwa Mungu, alale saa nne usiku, aamke saa kumi na mbili. Kufunga chakula nako kusubiri majira yapite, hasa kama anameza dawa zinazotaka chakula tumboni. Afunge simu kuanzia saa tatu usiku; hiyo itamgharimu na itamfaa.

Askari wa Maombi

Shalom. Naheshimu kazi ya hospitali, ila tusiifanye kila kitu mwili. Isaya 61:3 inataja "vazi la sifa badala ya roho nzito". Kuna uzito unaovunjwa kwa sifa na maombi ya kufunga. Tukianza na taa, mtu ataacha lini kuegemea taa aanze kumwegemea Bwana?

Mwalimu wa Zaburi

Mtumishi, nakubaliana nawe kuhusu sifa. Kuhusu taa tutofautiane kwa amani: mwenye miwani haachi kumtegemea Mungu anapoivaa ili asome Isaya. Halafu tazama andiko lenyewe. Wanaopewa vazi pale ni "hao waliao katika Sayuni", na wanavalishwa. Sisi tumeligeuza kuwa amri ya kujivika, na asiyeweza tunamhesabia upungufu wa imani.

Tazama pia 1 Wafalme 19. Eliya anaomba afe. Hakemewi, hafanyiwi maombi ya kufunguliwa, na hakuna anayemwambia afunge. Analala, malaika anamgusa: inuka, ule. Mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Analala tena, anaguswa mara ya pili, anakula tena. Safari ya siku arobaini inakuja baada ya hapo, na swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", linakuja mwisho kabisa. Makanisani tunaanza na swali.

Sasa furaha. Mwulizaji amegusa penyewe: ugonjwa huu unazima uwezo wa kuonja. Wimbo uliokuwa unamtoa mtu machozi unapita kama tangazo la redioni. Kumwambia huyo "hisi furaha" ni kama kumwambia mwenye mafua asikie harufu ya mkate. Lakini Filipi 4:4 inasema "katika Bwana", na aliyeandika alikuwa kifungoni. Furaha hapo ni upande mtu anaogeukia. Ladha huja nyuma yake, wakati mwingine nyuma sana. Galatia 5:22 inaiita tunda, na tunda hulikamui kabla ya wakati wake. Unachofanya ni kumwagilia kwa ratiba.

Ratiba yenyewe, ndani ya zile dakika 30:

Dakika 5 za kwanza, usiombe kitu. Kunywa maji, kaa mbele ya mwanga.

Dakika 10, zaburi moja fupi, kwa sauti, mara mbili. Kwa sauti kwa sababu akili ya sonona ikisoma kimya huvuka mistari na kurudi kwenye mawazo yake. Zaburi 13 ina mistari 6 tu na imejengwa vizuri: maswali ya "hata lini", kisha ombi, kisha "nimezitumainia fadhili zako". Wiki nzima tumia hiyo hiyo. Mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka uweke kando. Ukirudi nyuma siku nne, mpango huo unageuka mdai, na mgonjwa ana wadai wa kutosha kichwani.

Dakika 10, andika zaburi yako kwa mfano huo. Mistari miwili ya kulalamika, mmoja wa kuomba, mmoja wa kutumaini. Mstari wa kutumaini ukikataa kuja, nakili wa Daudi ulivyo. Siku ambazo hata huo ni mzigo, soma Zaburi 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani bila kugeuka. Imo ndani ya Biblia, kwa hiyo hata sala isiyo na mwisho mzuri ni sala. Hiyo ndiyo dawa ya kuigiza uliyoiuliza.

Dakika 5, shukrani kwa mambo matatu. Hapa watu wengi hukwama kwa "nakushukuru kwa uzima na afya". Maneno hayo yamesuguliwa mpaka yanateleza, moyo hauna pa kushika. Shukuru kwa kitu cha jana chenye saa na mahali: mvuke wa kikombe ulivyogusa uso saa moja asubuhi, mtoto wa jirani aliyepunga mkono langoni, soksi zilizokauka. Kidogo namna hiyo. Ukisema "familia yangu" umeruka juu mno. Taja mtu mmoja na jambo moja alilofanya.

Na Nehemia 8:10, mstari wanaoubandika ukutani nusu. Watu walikuwa wanalia, wakaambiwa waende wale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, wampelekee sehemu yeye ambaye hakuwekewa kitu. Ndipo linakuja neno la furaha ya Bwana kuwa nguvu zao. Ina maana furaha ile ilipita mezani na mlangoni kwa mtu mwingine. Mara moja kwa wiki, siku iliyopangwa, mgonjwa apeleke kitu kwa mtu: sahani, karatasi ya salamu, hata kumbebea mzee kitabu cha nyimbo. Afanye kwa saa, asingoje hamu. Aandike namba 0 hadi 10 kabla na baada. Mara nyingi ya pili inazidi ya kwanza kwa moja au mbili, na hiyo moja ndiyo ushahidi atakaouhitaji wiki ijayo akili itakapomwambia hakuna kinachosaidia.

Mwanafunzi wa Neno

Asanteni sana, Mwalimu hasa hapo kwenye Zaburi 88. Swali moja: haya yote yanamtaka mgonjwa aanze mwenyewe. Akishindwa hata kuwasha taa? Kikundi cha nyumbani kifanye nini?

Mama wa Kikundi

Hilo lipangwe kabla, mwezi mmoja kabla majira hayajaingia, akiwa bado mzima. Akishazama hatapokea simu, nanyi mtaanza kubishana kama kumtembelea ni kumsumbua.

Achague watu wawili, wasizidi watatu. Kila asubuhi anatuma namba tu, 0 hadi 10, bila maelezo. Hata aliyeishiwa maneno anaweza kuandika 4. Mkubaliane kwa maandishi: namba ikiwa 3 au chini siku mbili mfululizo, au asipotuma kabisa mpaka saa nne asubuhi, mmoja anakwenda. Akifika anawasha taa, anafungua pazia, anachemsha maji. Anasoma zaburi, mgonjwa anasikiliza tu. Kisha watoke pamoja dakika 20 karibu na saa sita mchana, mwanga ukiwa juu kabisa, hata kama kuna mawingu.

Msiende kundi la watu nane wenye magitaa. Msiulize "umekosea wapi?" wala "umesoma Neno leo?" Mkiagana, mwambieni mtarudi lini na saa ngapi, kisha mrudi saa hiyohiyo.

Jumapili mwekeeni kiti cha mwisho karibu na mlango, na aruhusiwe kufika nusu ya ibada. Ule mzunguko wa kusalimiana mikono hamsini unawafukuza wengi. Kuimba katikati ya watu kuna faida ya peke yake: asiye na sauti anabebwa na za wengine, na kesho yake anaweza kubeba mstari mmoja.

Askari wa Maombi ataipenda hii: Marko 2:5 inasema Yesu "alipoiona imani yao", wale wanne waliombeba mwenzao, waliotoboa dari. Yule aliyelala kitandani hatuambiwi alisema neno.

Askari wa Maombi

Mama, hapo umenipata. Nauliza basi: mtu akianza taa, wiki mbili akalipuka kwa furaha, haliwi jibu la maombi?

Muuguzi

Linaweza kuwa. Ndiyo ile habari niliyosema nitarudi kwayo, kwa hiyo angalieni usingizi. Nafuu ya kweli inakuja na usingizi wa kawaida: analala kwa muda wa saa saba au nane, anaamka, anafanya kazi, anacheka, anakasirika kidogo kama watu wengine. Mtu mwenye ugonjwa wa hisia mbili akipigwa na mwanga mkali, au akipewa dawa za sonona peke yake, anaweza kuvuka upande wa pili. Analala kwa muda wa saa tatu tu na hachoki, anasema upesi hamfuatiki, anapata mafunuo matano kwa usiku mmoja, anatoa akiba yote sadaka. Kanisani huitwa upako, anapewa kipaza sauti. Tunda la Roho katika Galatia lina furaha mwanzoni na kiasi mwishoni. Palipo na furaha bila kiasi wala usingizi, zimeni taa, mpelekeni hospitali siku hiyo, asiendeshe gari.

Dawa alizoandikiwa asiziache kwa sababu ametoa ushuhuda. Kuziacha ghafla kuna madhara yake, na kurudi kwa dalili katikati ya majira ni kugumu kushughulikia. Akitaka kuacha, apange na daktari, majira yakiwa yamegeuka.

Na akitaja kufa, hata kwa mzaha, hata kwa lugha ya kiroho ("natamani Bwana anichukue"), mwulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akisema ndiyo, haachwi peke yake, dawa na vyenye ncha vinaondolewa chumbani, na safari ya hospitali ni sasa hivi. Mnaweza kuomba mkiwa njiani.

Kuhusu vitamini D, kwa kuwa itaulizwa tu: pimeni damu kwanza. Ikipungua, itatibiwa, haishiki nafasi ya taa.