Naombeni ushauri: binti anataka kugeuza hewa ya ukaa kuwa jiwe

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mchoma chokaa, Kiomoni hapa Tanga. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Juzi alikaa nami kando ya tanuri akasema, "Baba, kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa unazochoma, kilo 44 zinapaa na kuwa hewa ya ukaa." Nikanyamaza. Miaka yote naingiza mawe mazito, natoa mepesi, sijawahi kujiuliza uzito umekwenda wapi.

Sasa anataka kusomea namna ya kuirudisha hewa hiyo ardhini. Kule Iceland, Hellisheidi, huiyeyusha kwenye maji na kuishindilia ndani ya basalti, mwamba mweusi wa volkano. Ikikutana na kalsiamu ya mwamba inakuwa jiwe. Iliyoshindiliwa mwaka 2012, zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe ndani ya miaka miwili. Mwamba wetu wa chokaa haufai, tayari umeibeba. Basalti ipo Kilimanjaro na Rungwe.

Je, achukue jiolojia au uhandisi wa kemikali? Na ajira ataipata hapa nchini? Ada nitauza hata ng'ombe, ila nisimpoteze mtoto. Waliosomea haya, nisaidieni.