Hadithi za watoto: wanyama wanaoongea au watoto wenyewe wa huku kusini?

mwl_wa_uwandani
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Newala, nafundisha la pili na la tatu, na Ijumaa vipindi vikiisha huwa nawasomea watoto vihadithi ninavyoandika mwenyewe mana vitabu vya hadithi shuleni ni vichache na vilivyopo vimeshikwashikwa mpaka majalada yametoka. Sasa vimekuwa vingi, na nina ndugu yangu anachora vizuri, tukasema tutoe kitabu kimoja kwanza tuone upepo.

Kinachotugombanisha ni hiki. Nina hadithi ya shule ya wanyama, mwalimu mkuu ni Kobe, Fisi anaiba viporo vya wenzake, Nyani kazi yake kupiga kelele dirishani. Hiyo nikisoma wanacheka mpaka darasa la jirani wanakuja kuchungulia. Nina nyingine ya binti wa la tatu, msimu wa korosho ukifika haonekani shule, anaokota na bibi yake kuanzia alfajiri, anatenganisha korosho na mabibo, jioni wanachoma chache za kula na mafuta ya maganda yanambabua vidole, akirudi darasani wenzake wako kwenye kugawanya yeye bado yuko kwenye kuzidisha. Hii nikisoma hacheki mtu. Ila ndiyo wanayoniomba niirudie kila mara, alafu maswali sasa, "mwalimu bibi yake chama kilimlipa?", "zilikuwa daraja la kwanza au la pili?" Mambo ya ushirika na mnada wa korosho wanayajua kuliko mimi.

Mchoraji wangu anasema wanyama ndio watauza, ya korosho wazazi wataona tunawasema. Mimi moyo uko kwa binti. Mliowahi kuandika, wazazi, walimu wenzangu, mnasemaje? Na kuchapa tunaanzia wapi?

Ngongo_sokoni
Mwalimu toa ya wanyama, usijitafutie maneno na watu. Nimewahi kuuza vitabu Nanenane pale Ngongo Lindi, chenye simba au tembo juu kinaondoka mapema, chenye mtoto kabeba ndoo watu wanakishika, wanageuza nyuma waone bei, wanakirudisha. Mzazi akitoa hela yake anataka mtoto acheke basi. Ya korosho iweke, ukishapata jina itoe.

mjukuu_wa_liwale
Mkuu wa Ngongo biashara yako naiheshimu, ila huyo simba wa kwenye jalada ni simba wa wapi? Kavaa taji, anacheka, meno meupe. Mimi nimekulia Liwale, mpunga na mahindi vikikaribia kuiva tunahamia shamba, babu analala dunguni, kile kibanda cha kulindia shamba, analinda nguruwe wasimalize mazao, na sisi watoto tunaambiwa giza likiingia hata haja ndogo usitoke peke yako. Sio hadithi za kutishana. Kuna utafiti ulichapishwa 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na Lindi ni kati ya mikoa iliyoumia sana, na walieleza kabisa sababu, wanyama wa kuwindwa wamepungua, nguruwe wanakuja mashambani, simba anawafuata nguruwe, na aliyelala kwenye dungu la makuti ndio anakutana naye. Mnyororo mzima huo mtoto wa la tatu anauelewa, mana nguruwe anamjua, dungu analijua, na njaa anaijua.

Sasa mwalimu kwanini uchague kati ya mnyama na mtoto? Andika mtoto anayelala dunguni na babu yake usiku mmoja. Asile mtu kwenye hadithi, simba hata asionekane, asikike tu kwa mbali na asubuhi waone alama za miguu pembeni ya shamba. Watoto watakuganda mpaka nyumbani. Shule ya wanyama ni nzuri sikatai lakini zipo nyingi sana, Fisi mwizi kila mtu kamwandika.

mama_wawili_lindi
Niongezee kwa alipoishia kaka wa Liwale. Mtoto wangu yupo la tatu, ana begi la dainosaria, soksi za dainosaria, anajua majina yao magumu yote ya kwenye katuni, nikamuuliza wanatoka wapi akasema Marekani. Nikamwambia mwanangu mmoja wa wakubwa wao katoka hapa hapa Lindi, akanicheka. Nikamweleza kilima cha Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa yao pale kuanzia 1909 mpaka 1913, lile lijitu refu limesimama makumbusho ya Berlin mpaka leo, mita 13 na zaidi kwenda juu. Aliyeniacha mdomo wazi mimi mwenyewe ni Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, Mwafrika mwenzetu, na mifupa ikitoka ardhini inafungwa vizuri, watu wanaibeba vichwani na mabegani kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200 zilienda hivyo. Mwanangu aliuliza swali moja tu, "waliobeba walikuwa na watoto?" Mwalimu hilo swali lichukue, mimi nakupa bure, mtoto wa mpagazi anamsubiri baba yake Lindi mjini na baba anatokea kabeba mfupa mrefu kuliko yeye mtoto. Hapo una mnyama, una mtoto, na hakuna wa kukuambia unawasema wazazi.

Na kama mnataka mdogo wa kuchekesha yupo komba wa Rondo, msitu wa huku huku Lindi. Gramu kama 60 tu, macho yamejaa uso, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Wanasayansi wamemtambua rasmi mwaka 1997 juzi tu hapo, na msitu wenyewe unakatwa. Huyo hata Dar hawamjui.

Ngongo_sokoni
Dada hapo kwenye mfupa nimekubali, hicho ningekipanga mbele kabisa ya meza.

bi_mstaafu_masasi
Wanangu salaam. Nimefundisha miaka mingi nimestaafu, kwa hiyo mwenzangu nakuambia kama mama yako. Ya binti wa korosho itoe, lakini angalia kitu kimoja. Kijiji ni kidogo. Ukiandika binti wa la tatu anayelelewa na bibi na msimu haji shule, darasani kwako wapo wanaojitambua na wapo watakaomnyooshea mwenzao kidole, "huyu ndio wewe". Mtoto akishapachikwa kitabu hana pa kwenda. Badilisha kijiji, badilisha darasa, mpe mama badala ya bibi, mpe kaka mkorofi ambaye huyo halisi hana. Wahenga wetu walijua hili ndio mana wakaweka Sungura na Fisi, mjomba mlafi amekaa hapo hapo kwenye duara anacheka hadithi ya Fisi na hajui ni yake, au anajua ila hawezi kusema.

Ila mnaongelea korosho na simba mmeacha kitu kikubwa cha watoto wa huku, jando na unyago. Likizo ikiisha nikiita majina kwenye rejista nusu ya wavulana hawaitiki. Namuita mara mbili, mara tatu, ananiangalia tu. Mwenzake wa pembeni ananyoosha mkono, "mwalimu huyo saivi hana jina hilo." Katoka jandoni na jina jipya, la zamani ukimuita ni kama umemtukana, na mimi rejista ya serikali nina la zamani kwa wino wa bluu! Mwaka mmoja nikaanza kuandika la pili kwa penseli juu yake. Hiyo ni hadithi nzima ya kitabu cha watoto na wala huhitaji kuingia porini kueleza yanayofundishwa kule, hayo ni ya kwao, ishia mlangoni mwa darasa. Usihukumu, usiseme mila mbaya wala mila nzuri. Mwache tu mtoto mwenye majina mawili na mwalimu mwenye rejista moja.

kurasa_na_pini
Mmeongea vizuri sana, mimi nijibu la kuchapa mana ndio kazi yangu, napanga vitabu.

Mwalimu kabla ya yote jua kitabu cha pini katikati kurasa zake zinakwenda kwa nne nne, 16, 20, 24. Kwahiyo hadithi yako ikiisha ukurasa wa 18 ama uipunguze au uongeze picha. Watu wengi wanakuja na kurasa 19 wakiambiwa wanakasirika. Kwa la pili weka mistari miwili mitatu kwa ukurasa, herufi kubwa, na uchague fonti ambayo "a" yake ni ya duara kama wanavyofundishwa kuandika, ile yenye kofia juu inawachanganya wanaoanza. Mchoraji asichore kile maneno yameshasema. Maneno yakisema "Fisi akasema sijui chochote", picha ionyeshe mfupa wa kuku unatokeza mfukoni, mtoto asiyejua kusoma vizuri ndio atagundua wa kwanza na hapo ataona na yeye anaweza.

ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, mnaomba Maktaba ya Taifa. Mkitaka kitabu kitumike mashuleni rasmi kama cha ziada lazima kipite TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, kipate ithibati, hilo ni refu kidogo na wanaangalia maudhui na lugha pia, kwahiyo msichape maelfu kwanza. Chapeni vichache, kasomee watoto wa shule nyingine wasiokujua, wale wako wanakupenda watacheka tu. Alafu kuna ile Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inaratibiwa na TET hao hao, washindi hutangazwa 13 Aprili, na siku hizi hadithi za watoto zimo. Unapeleka mswada, huhitaji kuwa umechapa. Fuatilia tangazo lao.

Na kwa hizo Ijumaa zako ingia mtandao wa African Storybook, wana hadithi nyingi za Kiswahili za bure, leseni inaruhusu kupakua na kuchapa, steshenari yoyote watakutolea. StoryWeaver ya India nayo hivyo hivyo. Uone na wenzako wanagawaje maneno kwenye kurasa.

mwl_wa_uwandani
Dah, wakuu nimewasoma wote kwa kurudia. Bi mstaafu shikamoo, la kumbadilisha binti nimelichukua, atakuwa na mama na kaka, na nampeleka kijiji cha upande wa Tandahimba kisicho na jina. Ya majina mawili naomba ruhusa yako niiandike mana mimi mwenyewe rejista yangu ina penseli.

Kaka wa Liwale la dungu naliogopa kidogo kwa la pili, nitalijaribu kwa la tatu nione. Tendaguru dada yangu hiyo inataka nikae nisome kwanza, siwezi kubuni watu waliokuwepo kweli.

Ngongo usinichukie, naanza na binti wa korosho. Shule ya wanyama itaendelea kuwa ya Ijumaa, ile hata nikiisoma mara mia wanacheka wao wenyewe kabla sijafika kwa Fisi.

Ngongo_sokoni
Sikuchukii mwalimu, niletee nakala Nanenane tuone. Ila jalada msiweke ndoo.

mchoraji_mwenyewe
Ndio mimi ndugu yake, nimeitwa nije nisome hukumu yangu. Haya nimeshindwa. Jalada nimeshalipata, binti anaonekana mgongoni anaingia darasani, shati jeupe lina madoa ya bibo mkononi na mgongoni alipojifutia, yale yasiyotoka hata ufue na nini, mtu wa huku akiliona tu anajua ni mwezi gani. Ndoo hakuna.

Ila mama wawili, huyo komba wa Rondo umenivuruga, nataka kumweka hata kwenye kona ya ukurasa mmoja juu ya mkorosho usiku. Mwenye picha yake inayoonyesha vizuri vidole vya mbele anirushie, na mtu wa Rondo aniambie kama huwa anafika mikoroshoni au anaishi msituni tu, sitaki kuchora uongo.