Mliowahi kukimbizwa emajensi kwa ajili ya moyo, ile hofu iliwaisha? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za usiku. Mwaka jana kifua kilinibana kama mtu kanikalia juu, jasho la baridi, mke wangu akanipakia kwenye bajaji ya jirani mpaka hospitali. Vitanda vimejaa nikawekwa koridoni, wakanibandika nyaya za ECG za kupima umeme wa moyo, wakanipa aspirini nitafune, hakuna aliyeniambia nina nini. Nyuma ya pazia kuna mzee wanamkandamiza kifua, nasikia wanahesabu, halafu wakaacha kuhesabu. Ule ukimya ninao mpaka leo.

Nimewekewa stenti, kile kibomba kidogo cha kuacha mshipa wa moyo wazi, na daktari anasema niko vizuri, ila Luku ikianza kulia uniti zinaisha mimi natetemeka maana ni mlio uleule wa mashine, usiku nalala nimeegemea mito, kila saa nashika mapigo shingoni. Mbaya zaidi ni dawa, nikiziona tu ile koridoni inarudi, kuna wiki niliziruka na nikamdanganya mke wangu. Nimesoma kuwa mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walijumlisha tafiti nyingi wakakuta karibu mgonjwa 1 kati ya 8 wa shambulio la moyo anabaki na dalili za kiwewe, zilezile za watu waliotoka vitani. Nililia, kumbe siyo uoga. Nyie ilikuwaje?

---

Pole sana kaka. Mimi ni mapigo yalikuwa yanakimbia, wakanishtua kwa umeme. Miezi minne sikupanda ngazi wala kumbeba mwanangu, nikihema kidogo tu najua ndo imerudi. Kilichonisaidia ni nesi mmoja usiku ule, alinishika mkono akawa ananiambia kila wanachofanya kabla hawajafanya. Hiyo sauti yake ndo huwa naikumbuka nikizidiwa.

---

Mimi nilikuwa namuuguza baba. Alirudi nyumbani kimya, hataki kwenda kliniki, tukamwona mkaidi tukawa tunamgombeza. Leo ndo naelewa alikuwa anaogopa lile jengo. Nimeumia kusoma hii.

---

Nipo emajensi mwaka wa tisa, kaka. Siku ya kliniki mwambie daktari hivihivi ulivyoandika, pamoja na dawa ulizoruka, usifiche, na uombe kuonana na mtu wa saikolojia. Sisi tunauliza kifua tu, tunasahau mengine.

---

Asante dada. Kliniki ni Alhamisi, nimemwambia mke wangu tuingie wote.