Kebo ya umeme ya amplifaya: iliyokuja nayo, nene, au yenye wavu wa kinga?

Besi_Nzito: Wakuu, ipi kati ya hizi itabadilisha sauti ya amplifaya ya wati 100 kila upande? (a) iliyokuja nayo, 0.75 mm², mita 2. (B) nene ya 2.5 mm², (c) yenye wavu wa kinga dhidi ya mwingiliano. Spika pia zinavuma hata muziki ukisimama.

FundiTransfoma: Piga hesabu kwanza, mkuu. Waya wa shaba wa mita 1 na unene wa 1 mm² una ukinzani wa omu 0.0172. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo mita 2 ni mita 4. Kebo (a) inatoka na omu 0.09, (b) omu 0.03. Kwa ampea 2, tofauti yao ni kama volti 0.13 kati ya 230. Mkondo huingia kwa vishindo, sawa, lakini hata ukizidisha mara nne ni nusu volti tu, na umeme wa nyumbani hupanda na kushuka zaidi ya hapo kila siku. Tena nyuma ya soketi kuna waya wa ukutani: mita 20 za 2.5 mm² tayari ni omu 0.28. Spika hazilishwi na kebo moja kwa moja. Zinalishwa na kapasita (vihifadhi umeme vya ndani ya amplifaya) ambazo, kwa umeme wa hezi 50, hujazwa mara 100 kwa sekunde.

Santuri33: Wavu wa kinga una kazi yake pale kebo ya umeme inapolala sambamba na nyaya za RCA (zinazopeleka sauti kwenye amplifaya) za kicheza santuri, kwa sababu mawimbi yake ni dhaifu mno. Ila ukizitenganisha kwa sentimita 30, na zinapolazimika kukutana zikakatana kwa pembe mraba, unapata faida ileile bure. Ringi za feraiti, zile zinazovishwa kebo, hazigusi mvumo wa hezi 50. Zinazuia masafa ya juu tu.

Sikio_Kali: Mimi naona nene inatoa besi iliyoshiba.

FundiTransfoma: Basi tupime, ndugu. Mtu mwingine abadilishe kebo bila wewe kuona, raundi 16, kitufe cha sauti kisiguswe. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha tu ni chini ya asilimia 4.

Besi_Nzito, kuhusu mvumo: zima, chomoa RCA zote, kisha washa. Ukikoma, huenda kuna mzunguko wa ethi, yaani vifaa vimeungana kwa ethi kupitia njia zaidi ya moja. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, jaribu kuchomoa waya wa antena, na ikibidi weka transfoma ya kutenganisha kwenye njia ya mawimbi. Usiponyamaza, shuku kapasita za ndani zilizochoka. Ikiwa kinachovuma ni boksi la amplifaya lenyewe, ni transfoma inayotetemeka. Tafadhali, waya wa ethi usikatwe kamwe! Hitilafu ikitokea, bodi la chuma linaweza kubeba umeme mzima.

Santuri33: Ningechukua 1.5 mm² ya shaba tupu, kwani alumini iliyopakwa shaba ina ukinzani mkubwa zaidi. Plagi ya C13, ule mwisho wa kebo unaoingia kwenye amplifaya, ni ya ampea 10. Mashine yenye tundu la C20 inahitaji kebo yenye plagi ya C19, ya ampea 16. Baada ya nusu saa ya sauti kubwa, shika plagi: ikiwa ya moto, mguso umelegea, badilisha soketi au plagi hiyo.

Besi_Nzito: RCA zimetoka, kimya kabisa. Nahamishia vyote ekstensheni moja.